Mrija Unaoanzia Mkononi na Kuishia Karibu na Moyo

Mwezi wa Desemba mvua zikishika, huku kwetu Kilolo kila mtu yuko shambani. Msimu mmoja wa namna hiyo shangazi yangu alirudi kijijini kutoka Dar es Salaam. Alikuwa ametolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Baada ya hapo alikuwa anaendelea kutibiwa kwa dawa za kupitia mshipani. Dawa zile aliwekewa mara moja kila wiki tatu. Siku za katikati alikaa nyumbani.

Tulipompokea tuliona kitu kwenye mkono wake wa kulia, juu ya kiwiko. Palikuwa na plasta inayong'aa kama nailoni, na chini yake mrija mwembamba umezama mwilini. Kipande kifupi kilibaki nje. Kilikuwa na kibanio na kizibo. Bibi mmoja jirani akauliza, "Hii siyo dripu waliyosahau kuitoa?" Tukacheka. Lakini swali lake lilikuwa zuri, maana hata sisi tuliocheka hatukujua. Tulijua tu kwamba ni mrija wa dawa, basi. Kutojua huko nusura kutupotezee mgonjwa.

Ndiyo maana leo naandika habari ya mrija huu.

Ni kitu gani hasa?

Wengi wetu tunaijua kanula. Ni ule mrija mfupi wa plastiki unaowekwa kwenye mshipa wa nyuma ya kiganja au wa mkono, kisha dripu inaunganishwa hapo. Urefu wake haufiki kidole. Hukaa siku chache. Mahali pakianza kuuma au kuvimba, kanula hutolewa na kuwekwa kwingine. Kwa mtu mwenye malaria kali, au mama aliyepoteza damu wakati wa kujifungua, hiyo inatosha.

Mrija wa shangazi ni ndugu yake kanula, ila ni mrefu. Wauguzi huuita piki, kutokana na herufi za jina lake la kitaalamu. Mimi nitauita mrija mrefu. Huingizwa kwenye mshipa wa mkono, juu ya kiwiko. Husukumwa polepole ndani ya mshipa huo huo, ukapita kwapani, ukapita chini ya mtulinga, ukashuka kifuani. Ncha yake huishia kwenye mshipa mkubwa unaomwaga damu moyoni. Kwa mtu mzima, sehemu iliyo ndani ni kama sentimita 40, karibu dhiraa moja. Kwa unene ni mwembamba kuliko mrija wa wino ulio ndani ya kalamu ya bolpeni.

Kwa nini uende mbali hivyo? Fikiria mfereji mdogo wa kumwagilia bustani, halafu fikiria mto Ruaha wakati wa masika. Ukimwaga kopo la dawa kali kwenye mfereji, mboga za kando zitaungua. Ukimwaga kopo hilo hilo kwenye Ruaha iliyojaa, maji yataibeba na kuichanganya mara moja. Na mwili ni hivyo hivyo. Dawa nyingine za saratani ni kali sana. Kwenye mshipa mdogo wa mkono huuunguza mpaka ukawa mgumu kama kamba. Zikivuja nje ya mshipa, nyama yenyewe inaweza kuharibika ikawa kidonda. Lakini katika mshipa ule mkubwa karibu na moyo, damu hupita kwa wingi, kiasi cha lita 2 hivi kila dakika. Dawa haipati nafasi ya kuunguza mahali pamoja.

Shangazi alikuwa amewekewa dawa mara mbili kwa kanula ya kawaida. Mara ya tatu mishipa ya mkono ilikuwa imekwisha. Muuguzi alichoma, akachoma, haikupatikana. Ndipo wakaamua kumwekea mrija mrefu. Mrija wa namna hii unaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, ukitunzwa.

Aliyetangulia kupitisha mrija mkononi mpaka moyoni alikuwa daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde, alitaka kujua kama mtu anaweza kuingizwa mrija mpaka moyoni asife. Mkubwa wake wa kazi alimkataza. Basi akajijaribia mwenyewe. Alitoboa mshipa kwenye mkono wake wa kushoto, akasukuma ndani mrija wa sentimita 65, kisha akatembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka chumba cha eksirei. Picha ikaonyesha ncha imefika moyoni. Alipata lawama nyingi kuliko sifa. Lakini mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na madaktari wengine wawili walioiendeleza kazi hiyo. Jambo moja la Forssmann limebaki mpaka leo: eksirei. Mrija mrefu ukishawekwa, ni lazima hospitali ihakikishe ncha yake iko wapi kabla dawa haijapitishwa, na mara nyingi hufanya hivyo kwa picha. Ukizama mno unaweza kuushtua moyo ukapiga ovyo. Ukiishia njiani, dawa itaunguza mshipa mdogo kama kawaida.

Si wa kila mtu

Msomaji mwingine atasema, "Hayo ni mambo ya Ulaya, sisi huku Mbeya na Iringa yanatuhusu nini?" Ni kweli, mirija mirefu ya mkononi si mingi kwetu. Inahitaji mtaalamu aliyefundishwa, vifaa safi kabisa na eksirei. Lakini mgonjwa wa kijiji chochote anaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale Mbeya, au Muhimbili, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, akarudi na kitu mwilini ambacho jamaa zake hawajapata kukiona. Wako pia ndugu zetu wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine. Wengine hao wana mrija wa shingoni, ambao nao huishia karibu na moyo. Mengi nitakayoyasema yanaihusu hata ile kanula fupi.

Mrija mrefu hauwekwi kwa sababu tu upo stoo. Mwaka 2015 madaktari wa jimbo la Michigan, Marekani, wakishirikiana na wenzao wa nchi nyingine, walitoa mwongozo kuhusu jambo hili. Walisema kwamba kama dawa inayotakiwa ni ya siku 5 au chini ya hapo, na si dawa kali ya kuunguza mishipa, basi mrija mrefu haufai. Walisema pia kwamba mtu ambaye figo zake zimeanza kuchoka aepushwe nao. Sababu ni hii. Mtu huyo huenda baadaye akahitaji kusafishwa damu, na mishipa ya mikono ndiyo itakayotengenezwa kwa kazi hiyo. Mrija ukiiharibu leo, kesho mgonjwa atakosa njia. Kwa hiyo ukiambiwa utawekewa mrija na wewe una ugonjwa wa figo, sema. Usione haya.

Vile vile mama aliyetolewa titi na tezi za kwapa huwekewa mrija upande mwingine. Ndiyo maana mrija wa shangazi ulikuwa mkono wa kulia. Na mkono wa kulia ndio mkono wake wa jembe. Nitalirudia jambo hilo.

Namna tulivyokosea

Tuliagizwa kumpeleka hospitali Iringa mjini kila wiki. Huko muuguzi husafisha mrija kwa maji maalumu na kubadilisha plasta. Wiki mbili za kwanza tulikwenda vizuri. Wiki ya tatu mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Barabara ikawa tope tupu, gari halikupanda. Kijana mmoja anayeuza dawa dukani akasema, "Mbona hiyo ni kazi ndogo? Nileteeni mama hapa." Tukampeleka. Tulifurahi kuokoa nauli.

Kijana yule hakuwa na nia mbaya. Alichukua bomba dogo la sindano, akavuta maji ya chupa, yale ya kuchanganyia dawa ya unga. Mikono hakunawa. Kizibo alikiweka juu ya meza, pale pale penye chenji na kitabu cha madeni. Akasukuma maji, akarudisha kizibo, akafuta kwa pamba. Dakika mbili, imekwisha.

Usiku ule ule shangazi akashikwa na baridi. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Kisha homa kali. Asubuhi akaonekana ana nafuu, tukasema ni malaria. Tukanunua dawa mseto. Siku ya pili jioni homa ikarudi, naye akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Hapo tukapata akili. Tulimbeba kwa machela mpaka barabara kubwa.

Muuguzi wa zamu hakupoteza muda. Aliniuliza, "Kaka, homa ilianza lini?"

"Juzi usiku, Sista."

"Siku hiyo mrija ulisafishwa?"

Nikanyamaza. Shangazi mwenyewe akajibu kwa sauti ndogo, "Ulisafishwa, mwanangu. Kule dukani."

"Mama," akasema yule muuguzi, "huo mrija ni kama mlango. Ukitoka hapo mkononi, nyumba ya pili ni moyo."

Walimchukua damu kutoka kwenye mrija na kutoka mkono mwingine, ili kutafuta wadudu. Wakautoa mrija. Wakamwekea dawa za kuua wadudu kwa kanula. Alilazwa wiki mbili. Daktari alituambia kwamba kwa mtu anayetumia dawa za saratani, kinga ya mwili inakuwa chini sana. Homa ya siku moja tu inaweza kumwua. Sisi tulikaa nayo siku mbili.

Wadudu wanaingiaje?

Ngozi yetu ni ukuta. Wadudu wa magonjwa wamejaa juu yake, hata kwa mtu aliyeoga vizuri, lakini ndani hawapiti. Mrija umetoboa ukuta huo. Wadudu wanaweza kupita kando ya mrija, pale unapoingia mwilini. Au wanaweza kupita ndani ya mrija wenyewe, kupitia kizibo kilichoshikwa na mikono michafu. Njia hiyo ya pili ndiyo iliyompata shangazi. Kijana aliwasukuma ndani kwa bomba la sindano, wakapelekwa moja kwa moja penye damu nyingi. Ndiyo maana baridi ilikuja saa chache tu baada ya kusafishwa. Shika alama hiyo: mgonjwa mwenye mrija akitetemeka baada ya mrija kusafishwa au dawa kupitishwa, shuku mrija kwanza.

Dawa ya jambo hili inaanzia kwenye mikono. Kuanzia mwaka 2003 wataalamu walifanya kazi katika vyumba vya wagonjwa mahututi huko huko Michigan. Vyumba 103 vilileta taarifa. Hawakuleta mashine mpya. Waliwataka waganga na wauguzi wafanye mambo yanayojulikana na kila mtu: kunawa mikono, kuvaa mavazi safi na kumfunika mgonjwa wakati wa kuweka mrija, kusafisha ngozi kwa dawa nzuri, kukwepa mshipa wa kinenani, na kuutoa mrija mara usipohitajika tena. Katika mwaka mmoja na nusu maambukizo ya damu yaliyotokana na mirija yalipungua kwa karibu theluthi mbili. Taarifa yao ilitolewa mwaka 2006. Kama hospitali za matajiri zilikuwa zinasahau kunawa, duka la kijijini tulitazamie nini?

Sasa maji ya kusafishia. Ni maji ya chumvi ya hospitali, yaliyotengenezwa kiwandani na kufungwa bila mdudu hata mmoja. Si maji ya chumvi ya jikoni, hata yakichemshwa. Wala si maji ya kuchanganyia dawa. Bomba la sindano nalo huwa kubwa, la mililita 10 au zaidi. Hapa wengi hudhani kinyume, kwamba bomba dogo lina nguvu ndogo. Sivyo. Kwa kidole kile kile, bomba jembamba husukuma maji kwa shinikizo kubwa zaidi, na mrija unaweza kupasuka ndani ya mwili. Kama maji hayapiti, hata muuguzi halazimishi. Huenda kuna donge la damu, na kulisukuma ni kulipeleka kwenye mapafu.

Plasta ile inayong'aa hubadilishwa kila baada ya siku 7. Kama ni kitambaa cha gozi, kila siku 2. Lakini ikilowa, ikichafuka au ikibanduka, haingoji siku. Hubadilishwa siku ile ile. Kuoga, mgonjwa aoge kwa maji ya karai, mkono ukiwa umefungwa mfuko wa nailoni na kuwekwa mbali na maji. Kuoga mtoni hapana kabisa, hata kama maji ya mto wa kwenu ni meupe namna gani.

Na kila homa si malaria. Iringa ni mmoja wa mikoa yenye malaria kidogo sana katika nchi yetu, kwa sababu ya baridi ya milimani. Kyela kwenye joto la kando ya ziwa, malaria ipo. Lakini hata huko Kyela, mtu mwenye mrija akipata homa, kipimo cha malaria peke yake hakitoshi. Hata kikionyesha malaria, aende hospitali, kwa sababu mtu anaweza kuwa na yote mawili. Dawa mseto ya dukani itawapumzisha nyinyi mioyo, huku wadudu wakizaana katika damu.

Mkono kuvimba

Hatari ya pili ni donge la damu. Mrija ni kitu kigeni ndani ya mshipa, na damu hupenda kugandia kitu kigeni. Mgonjwa wa saratani damu yake huganda kwa urahisi kuliko ya mtu mwingine. Utaona mkono umevimba kuliko wa pili, unauma, unakuwa mzito, pengine rangi imebadilika. Uvimbe unaweza kupanda begani na shingoni. Pima mikono yote miwili kwa uzi, usitegemee macho. Usiuchue mkono huo, wala usiukande kwa maji ya moto, wala usipake dawa ya kienyeji au kuchanja chale. Nenda hospitali. Donge likikatika likaenda kwenye mapafu, mgonjwa hupumua kwa shida ghafla na kifua kumchoma. Hiyo ni ya kukimbia saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Watu wengine wakiona mrija, hufunga mkono na kuutundika shingoni usitikisike. Hilo nalo ni kosa. Mkono usiotumika damu yake husimama. Mgonjwa auchezeshe taratibu, afumbe na kufumbua ngumi, ajivike, ale kwa mkono huo. Anywe maji ya kutosha kama daktari hakumkataza.

Ila jembe hapana. Kutwanga hapana. Ndoo ya maji ya lita 20 hapana, hata nusu yake. Kazi ya kurudiarudia na ya nguvu huusugua mshipa na kuuvuta mrija. Hapa ndipo palipo na ugumu wa kweli, ndugu msomaji, kuliko hata plasta na maji ya chumvi. Mama wa kijijini ataambiwa Desemba asishike jembe, naye anawaona wenzake wanapanda mahindi. Atakaa siku tatu. Ya nne atakwenda. Shangazi yangu tulimkuta mara mbili ameficha jembe nyuma ya banda. Alisema, "Mrija mtautoa, njaa mtaitoaje?" Hatukuwa na jibu la maneno. Kaka yangu na wanawe walilima ekari yake moja kwa siku tatu, wakapanda. Baada ya hapo hatukumwona tena na jembe. Nawaambia wanaume wanaosoma gazeti hili: maelezo ya muuguzi hayafai kitu kama shamba la mgonjwa halijalimwa.

Kuna mtoto wa mgongoni pia. Akibebwa, mkono wake mdogo unafika pale pale kwenye mrija, naye huvuta kila anachokiona. Mgonjwa avae blauzi ya mikono mirefu. Na mtu yeyote akimpima presha, ampime mkono ambao hauna mrija. Kama ule mwingine nao una katazo, kama ilivyokuwa kwa shangazi aliyetolewa titi, muulizeni muuguzi mapema mahali pa kupimia, na mwandike.

Mrija ukichomoka au kukatika

Sehemu iliyo nje inaweza kurefuka. Maana yake ni kwamba ncha ya ndani imerudi nyuma. Usiirudishe ndani hata kidogo, maana utaingiza uchafu wote wa nje. Ibandike kwa plasta jinsi ilivyo, dawa isipitishwe, mgonjwa aende hospitali. Ukichomoka wote, kandamiza tundu kwa gozi au kitambaa safi kwa dakika kadhaa mpaka damu ikome. Ufunge mrija wenyewe uende nao, ili wahakikishe hakuna kipande kilichobaki ndani.

Ukikatika au kupasuka sehemu ya nje, pengine kwa sababu mtu ametumia mkasi au wembe kutoa plasta, uwe mwepesi. Kunja mrija katikati ya mwili na pale ulipokatika, kama unavyokunja mpira wa maji kuyazuia. Ubane kwa kibanio au uufunge kwa plasta ukiwa umekunjwa. Hofu yetu si damu kutoka tu. Ni hewa kuingia. Mgonjwa akivuta pumzi, hewa inaweza kufyonzwa kupitia mrija uliofunguka ikaenda moyoni. Mgonjwa akianza kuhema ghafla au kuzirai, baada ya kukunja mrija mlaze kwa ubavu wa kushoto, kichwa kiwe chini kidogo, muondoke naye hivyo hivyo. Kwa hiyo mkasi na wembe havikaribii mahali pale. Plasta hutolewa kwa vidole, na ni kazi ya muuguzi.

Daftari

Baada ya shangazi kupona homa ile, hospitali ilimwekea mrija wa pili. Safari hii tulifungua daftari. Mke wa binamu yangu ndiye aliyelishika. Alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima mwaka uliopita, na alikuwa akilalamika kwamba hana cha kuandika. Muuguzi alimtajia, naye akaandika: tarehe ya kuwekwa mrija, urefu ulio ndani sentimita 42, urefu ulio nje sentimita 3. Chini yake akapiga mistari. Kila siku aliandika tarehe, joto la mwili kwa kipimajoto tulichonunua, urefu wa nje, na kama pameiva, panauma au pana usaha. Plasta ikibadilishwa, aliandika na jina la aliyeibadilisha.

Siku moja daftari lilionyesha sentimita 5 badala ya 3. Kwa macho hakuna aliyeona tofauti. Walipofika hospitali, picha ikaonyesha kweli ncha imerudi nyuma kidogo. Walipanga upya kabla ya dawa kupitishwa. Wauguzi walilizungusha lile daftari mkono kwa mkono.

Ukurasa wa mwisho wa daftari tuliandika jina la hospitali, namba ya simu ya wodi, na bei ya gari la kukodi usiku. Fedha hiyo iliwekwa kando, haiguswi hata kwa chumvi.

Siku zipungue

Hata mrija unaotunzwa vizuri, kila siku unayokaa ni siku nyingine ya hatari. Kwa hiyo swali la kumwuliza daktari kila mara ni hili: "Daktari, bado unahitajika?" Si utovu wa adabu.

Wataalamu nao wanatafuta njia ya kupunguza siku za mirija, na mfano mzuri umetoka kwetu Afrika. Kuna homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi. Huwapata hasa watu wenye virusi vya UKIMWI ambao kinga yao imeshuka sana. Kwa miaka mingi dawa yake, amfoterisini, ilipitishwa mshipani siku 14. Ni dawa inayochoma mishipa na kuchosha figo. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa Malawi, Zambia, Kamerun na hapa Tanzania. Ulionyesha kwamba siku 7 zinatosha, dawa hiyo ikitolewa pamoja na vidonge vya flusitosini. Mwaka 2022 ukafuata utafiti mwingine, uliofanywa Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Huo ulionyesha kwamba aina mpya ya amfoterisini inaweza kutolewa mara moja tu kwa kipimo kikubwa, kisha mgonjwa akaendelea na vidonge. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaikubali njia hiyo. Kutoka siku 14 hadi siku 1.

Wakati wenzetu wanahangaika kupunguza, wako watu kijijini wanaokwenda zahanati kuomba dripu "ya kuongeza nguvu". Mtu amechoka na palizi, anataka kuwekewa maji. Maji yale hayana nguvu ya ugali. Ukiweza kunywa, kunywa. Tundu ni tundu, hata likiwa la kanula.

Mrija wa pili wa shangazi ulitolewa mwezi wa Mei, dawa zilipokwisha. Alilazwa chali. Muuguzi akauvuta polepole huku mgonjwa akiwa ametoa pumzi na kuizuia. Haukuuma. Akakandamiza kwa gozi dakika kadhaa, akafunga vizuri, akamwambia abaki amelala nusu saa, na pale pasifunguliwe mpaka kesho yake. Kisha akaulaza mrija kando ya rula. Mke wa binamu yangu akafungua ukurasa wa kwanza akasoma kwa sauti. Ndani sentimita 42, nje 3. Mrija wote ulikuwa sentimita 45, umetoka mzima. Akaandika tarehe, akapiga mstari chini yake.